Mstaafu, Gofu na Uaminifu wa Kadi

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa walimu na watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu



Mtumishi wa umma katika Tanzania huweza kustaafu kwa hiari atimizapo umri wa miaka 55, na kwa kawaida hulazimika kustaafu atimizapo miaka 60. Siku hiyo ikifika hufanyika sherehe. Wenzake humpa zawadi, risala husomwa, picha hupigwa. Asubuhi ya pili yake mstaafu huamka saa ile ile aliyozoea kuamka kwa miaka thelathini, huoga, huvaa, kisha hukumbuka kwamba hakuna anayemngoja mahali popote.

Wengi hudhani kwamba kinachomsumbua mstaafu ni upungufu wa fedha peke yake. Fedha ni jambo kubwa, wala hapana mwenye busara awezaye kulikana. Lakini lipo pengo jingine ambalo haliandikwi katika hati ya kiinua mgongo. Kwa miaka yote ya kazi mtu huyu alikuwa akipimwa. Mwalimu alipimwa na mkaguzi wa shule na kwa matokeo ya wanafunzi wake. Mhasibu alipimwa na mkaguzi wa hesabu. Karani alipimwa kwa majalada yaliyokuwa mezani pake. Kipimo hicho kilimkera mara nyingi, lakini kilimwonyesha mahali aliposimama. Akishastaafu, hakuna ampimaye tena. Vijana humwamkia, humpisha kiti, na hukubali kila asemalo. Heshima hiyo ni mila njema na haifai kupotea. Hata hivyo, mtu anayekubaliwa kwa kila neno yumo katika hatari ya kujisahau.

Mazungumzo haya yanahusu njia moja ambayo wazee wa nchi kadha wameitumia kuziba pengo hilo, nayo ni mashindano ya gofu ya ridhaa kwa wachezaji wenye umri mkubwa. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakacheka, maana gofu katika nchi hii imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mchezo wa wakubwa. Hoja hiyo ni ya haki na itajibiwa mahali pake. Kwanza ni vizuri kueleza mchezo wenyewe na mashindano yenyewe, ili mtu ahukumu jambo analolifahamu.

ASILI YA MASHINDANO YA WAZEE

Gofu ilikulia Scotland, na haikuwa ya mabwana peke yao. Mwaka 1457 Bunge la Scotland lilipiga marufuku mchezo huo pamoja na kandanda, kwa sababu watu walikuwa wakiuacha mzoezo wa kutumia upinde na mishale uliohitajiwa kwa ulinzi wa nchi. Serikali haipigi marufuku mchezo wa watu wachache. Hadi leo viwanja vya mji wa St Andrews, vinavyojulikana kuliko vyote duniani, vimo katika ardhi ya umma na husimamiwa na wadhamini waliowekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974. Kwa desturi uwanja mkongwe wa mji huo hufungwa kwa wachezaji siku ya Jumapili, na wenyeji hutembea juu yake pamoja na watoto wao.

Ama mashindano ya wazee, chanzo chake mashuhuri ni klabu ya Apawamis katika mji wa Rye, jimbo la New York, ambako mwaka 1905 wachezaji wenye umri wa miaka 55 na kuendelea walikusanyika washindane wao kwa wao. Waliona kwamba mtu wa umri huo akishindanishwa na kijana wa miaka 25 hujifunza jambo moja tu, nalo analijua tayari, kwamba yeye si kijana. Lakini akishindanishwa na wenzi wake, hujifunza jinsi alivyo yeye mwenyewe.

Mwaka 1955 Chama cha Gofu cha Marekani kilianzisha ubingwa wa taifa wa wazee wa ridhaa, na umri uliowekwa ulikuwa miaka 55. Wanawake walipata ubingwa wao wa wazee mwaka 1962, kuanzia miaka 50. Uingereza nayo ilianzisha mashindano kama hayo mwaka 1969. Mtumishi wa Tanzania ataona hapa jambo la kumfurahisha. Umri ule ule unaomruhusu kuiacha ofisi kwa hiari ndio unaomfungulia mwenziwe wa ng'ambo mlango wa kuanza kushindana upya.

Mbali na mashindano hayo makubwa ya ubingwa, yapo mashindano ya mfululizo kwa ajili ya watu wa kawaida. Katika Marekani mfululizo huo huendelea kwa msimu mzima, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mengine huanzia umri wa miaka 50, mengine miaka 55. Wanaojiunga ni walimu, wauza duka, mafundi, madaktari na askari waliostaafu. Wengi wao hawajapata kuwa mabingwa wa jambo lolote.

NAMNA YA KUJIUNGA

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Kila shimo limewekewa idadi ya mikwaju, yaani 3, 4 au 5, na jumla yake mara nyingi ni 72. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, kiasi cha mdomo wa kikombe kikubwa, na hupata kuwa mamia ya mita kutoka mahali pa kuanzia. Mchezaji hachukui zaidi ya fimbo 14. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Mtu anayetaka kujiunga hawezi kufika tu na fimbo zake. Sharti awe na handikapu. Handikapu ni tarakimu inayoonyesha ni mikwaju mingapi mchezaji huyo, akicheza vizuri kwa uwezo wake, humzidi mchezaji hodari asiyehitaji msaada. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi za dunia hufuata utaratibu mmoja katika jambo hili. Anayeanza hupeleka kadi zenye jumla ya mashimo 54, yaani michezo mitatu kamili. Baadaye kila mchezo huingizwa katika orodha, na handikapu hupatikana kwa kuchukua matokeo 8 yaliyo bora katika 20 ya mwisho. Hesabu hiyo hutazama pia ugumu wa kila uwanja. Kikomo cha juu ni 54, kwa hiyo hata anayejifunza ana nafasi yake.

Akiisha kuwa na handikapu, mchezaji hujiandikisha, huonyesha uthibitisho wa umri wake, hulipa ada, na kupangwa katika daraja. Waliobobea huwekwa pamoja, wa wastani pamoja, na wanaojikongoja pamoja. Kila daraja lina mshindi wake. Katika mashindano mengi pointi za kila uwanja hujumlishwa, na waliofanya vyema hukutana mwisho wa msimu.

Mfano mdogo utaonyesha manufaa ya utaratibu huu. Mwalimu mstaafu ana handikapu 18, na mhandisi mstaafu ana handikapu 8, nao wanacheza katika uwanja wa ugumu wa kawaida. Mhandisi amaliza kwa mikwaju 81, na mwalimu kwa mikwaju 89. Kwa macho, mhandisi ameshinda. Lakini ukiondoa handikapu ya kila mmoja, mhandisi abaki na 73, na mwalimu abaki na 71. Siku hiyo mwalimu ndiye aliyeshinda, kwa kuwa alifanya vizuri zaidi kuliko ilivyotazamiwa kwake. Mchezo ambao mnyonge aweza kumshinda hodari pasipo upendeleo, kwa hesabu inayojulikana na wote, una somo ndani yake kwa kila mtu aliyepata kusahihisha mitihani au kupandisha vyeo.

KADI

Kandanda ina mwamuzi mwenye filimbi, na ndondi ina waamuzi wa kuhesabu pointi. Katika gofu ya ridhaa hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji. Wachezaji wawili hubadilishana kadi, kila mmoja akaandika mikwaju ya mwenzake. Mwisho kila mmoja huihakiki kadi yake, shimo kwa shimo, hutia sahihi, na kuikabidhi. Mpira ukiangukia vichakani mita mia mbili kutoka kwa wenzake, mchezaji yu peke yake na mpira wake. Ukisogea kwa kuguswa na fimbo yake, hapana aliyeona. Atajiongezea mkwaju mmoja, au hatajiongezea.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima, na ipo habari ya watu wawili inayolieleza vizuri kuliko nasaha.

Roberto De Vicenzo alizaliwa Argentina mwaka 1923, akaingia katika mchezo huu utotoni kwa kuwabebea wengine fimbo. Alikua kuwa mchezaji wa kulipwa wa daraja la kwanza, na mwaka 1967 alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza. Tarehe 14 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 45, alikuwa akicheza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters katika mji wa Augusta, Marekani. Alicheza kwa ustadi mkubwa sana, akamaliza kwa mikwaju 65, idadi iliyomtosha kuwa sawa na Bob Goalby na kurudiana naye kesho yake. Lakini katika shimo la 17, ambalo De Vicenzo alilimaliza kwa mikwaju 3 mbele ya umati na mbele ya televisheni, mwenzake aliyekuwa akiandika kadi alikosea akaandika 4. De Vicenzo hakuihakiki kadi. Alitia sahihi, akaikabidhi.

Sheria ilikuwa wazi. Anayetia sahihi tarakimu ndogo kuliko mikwaju aliyopiga huondolewa katika mashindano. Anayetia sahihi tarakimu kubwa kuliko mikwaju aliyopiga hubaki nayo. Kwa hiyo 65 ikawa 66, na De Vicenzo akawa wa pili kwa tofauti ya mkwaju mmoja ambao hakuupiga. Dunia nzima ilijua ukweli, lakini sahihi ilikuwa yake. Hakumlaumu mwenzake. Alilichukua kosa kuwa ni lake mwenyewe.

Miaka 12 ikapita. Mwezi Juni 1980 Chama cha Gofu cha Marekani kilianzisha ubingwa wa wazi wa wazee katika uwanja wa Winged Foot, New York, kwa wachezaji wenye miaka 55 au zaidi, wa ridhaa na wa kulipwa pamoja. Mshindi wa kwanza wa ubingwa huo mpya alikuwa Roberto De Vicenzo, mwenye umri wa miaka 57.

Aliyekuwa wa pili, mikwaju minne nyuma yake, alikuwa William C. Campbell, naye wa miaka 57, mzaliwa wa mwaka ule ule wa 1923. Campbell hakuwa mchezaji wa kulipwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ridhaa, na riziki yake ilitoka katika kazi ya bima katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia. Aliingia kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1938 akiwa kijana wa miaka 15, na hakuutwaa ubingwa huo mpaka mwaka 1964, akiwa na miaka 41. Ubingwa wa wazee wa ridhaa aliutwaa mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na mwaka 1980. Baadaye, mwaka 1982 na 1983, akawa rais wa chama hicho hicho cha gofu.

Katika habari ya watu hawa wawili mstaafu aweza kusoma mambo mawili. La kwanza ni kwamba kosa la mtu wa miaka 45 si lazima liwe neno la mwisho juu yake. La pili ni kwamba mtu aweza kufanya kazi ya kawaida kwa miaka arobaini, akahifadhi kando yake jambo moja alipendalo bila malipo, na jambo hilo likamfaa siku ya uzee. Wala haya si ya wanaume pekee. Carolyn Cudone aliutwaa ubingwa wa wazee wanawake wa Marekani mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Penye uaminifu hapakosi mdanganyifu. Katika gofu ya handikapu mdanganyifu ana mbinu yake. Mwezi mzima hucheza vibaya kwa makusudi, au huficha kadi zake nzuri, ili handikapu yake ipande. Siku ya mashindano huja na handikapu 20, ilhali uwezo wake ni 12. Hushinda kwa urahisi, hupokea kikombe, na kupiga picha. Kikombe hicho amekipata kwa kujifanya dhaifu.

Utaratibu una kinga zake. Mchezaji akileta matokeo yaliyo bora kuliko handikapu yake kwa pointi 7 au zaidi, handikapu hupunguzwa mara moja kwa 1, na yakizidi kwa pointi 10 au zaidi hupunguzwa kwa 2. Aidha, kupanda kwa handikapu katika miezi 12 kumewekewa mipaka. Zawadi nazo zimewekewa kikomo. Kwa kanuni zilizoanza mwaka 2022, mchezaji wa ridhaa hapokei zawadi yenye thamani ya zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na katika mashindano ya handikapu hapokei fedha taslimu kabisa. Lakini hakuna kanuni inayomfikia mtu aliyeamua kusema uongo peke yake vichakani.

Mtumishi wa umma anayafahamu mambo haya hata kama hajashika fimbo ya gofu. Amewaona waliotaja makadirio makubwa ya mradi ili wabakize fedha. Amewaona walioahidi kidogo katika mpango wa mwaka ili mwishoni wasifiwe kwa kuvuka lengo. Huyo wa pili ni ndugu wa mchezaji mwenye handikapu ya uongo, baba mmoja na mama mmoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko, na nguvu ya mwiko haikuwa kwa askari, kwa kuwa hapana nchi yenye askari wa kutosha kusimama katika kila mlango wa ofisi. Nguvu yake ilikuwa katika mtu aliye peke yake na jalada lake, kama mchezaji alivyo peke yake na mpira wake.

Hii ndiyo sababu mashindano yanampa mstaafu kitu ambacho matembezi ya jioni hayampi. Matembezi ni mema kwa afya, na waliokuwapo mwaka 1973 wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya iliyowakusanya wananchi kandokando ya redio. Mchezo wa mashimo 18 nao ni mwendo wa kilomita nane au zaidi. Lakini matembezi hayamwulizi mtu lolote. Kadi humwuliza jambo moja mara 18, na kila mara humtaka ajibu kwa kalamu.

HOJA YA WANAOPINGA

Sasa yafaa kuijibu hoja iliyoahirishwa. Inasemwa kwamba gofu ni mchezo wa mabepari. Katika Afrika Mashariki neno hilo lina msingi. Mchezo uliletwa na wakoloni, ukafungiwa katika klabu zao, na kwa muda mrefu Mwafrika aliingia humo kama mpishi, mkata majani au kedi. Uwanja mmoja wa mashimo 18 huchukua ardhi ipatayo hekta 50, na majani yake hunywa maji mengi. Anayesema kwamba mambo hayo si kitu hasemi kweli.

Lakini historia haikuishia hapo. Wachezaji wengi hodari wa Afrika Mashariki walitoka miongoni mwa makedi, kama De Vicenzo alivyotoka kwao. Klabu za Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na Moshi zina wanachama wananchi, na katika Lugalo uko uwanja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambako askari na raia hucheza pamoja. Dawa ya mchezo uliofungiwa ni kuufungua, kama mji wa St Andrews ulivyoendelea kuiweka ardhi ya mchezo mikononi mwa umma.

Hata hivyo mstaafu na ajihadhari. Kiinua mgongo si cha kununulia fimbo mpya zinazong'aa. Fimbo zilizotumika zinatosha, wala hazihitajiki zote 14. Ada ya klabu na ilinganishwe kwanza na karo ya mjukuu na bati la nyumba, na ikizidi, iachwe. Daktari na aulizwe kabla ya mwendo wa kilomita nane juani. Kedi na alipwe haki yake kabla ya mtu kuketi kunywa soda, maana mwungwana wa uwanjani hupimwa hapo pia. Aliye mbali na kiwanja, na walimu wengi wako mbali, anaweza kulitafuta jambo hili hili katika bao, katika draft, katika kwaya au katika shamba la mfano la kijiji, mradi awe na wenzi wa kushindana naye na kipimo kisichompendelea.

Mwenye nafasi ya kujiunga asingoje siku ya sherehe ya kuagwa. Na aanze akiwa na miaka 50, apate handikapu yake ya kweli hata ikiwa ni 40, akaiandike bila haya. Watu watakaoiona ni wazee wenziwe, ambao nao wana tarakimu zao. Atakapofikia miaka 60 na kukabidhi funguo za ofisi, atakuwa na mahali pa kwenda Jumamosi asubuhi, mwenzi wa kubadilishana naye kadi, na kalamu mfukoni. Na kabla ya kutia sahihi, aihakiki kadi yake shimo kwa shimo.